Hitilafu Namba 212: Jicho la Kushoto

1. Ilani inayotokea kwenye skrini kabla demo haijafunguka

Mchezaji, karibu TEMBE.

Huu si mchezo kamili. Hakuna adui, hakuna pointi, hakuna mshindi. Ni nyumba moja ya udongo yenye vyumba vitatu, nawe una tochi. Tumeitengeneza kuonyesha uwezo wa injini yetu mpya ya michoro: namna mwanga unavyogonga ukuta, ukarudi, ukagonga ukuta mwingine, namna vumbi linavyoelea, namna ngozi ya mtu inavyopitisha mwanga kidogo, kama sikio la mtoto mbele ya jua.

Tembea. Mulika. Tazama.

Katika chumba cha tatu ameketi mtoto. Hafanyi kitu.

Muda: dakika kumi na moja.


2. Kabla hujaingia

Ngoja nikujulishe watu. Si wengi.

Gwamaka ndiye mwenye studio. Iko Arusha, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mabomba na masinki. Vijana saba, feni mbili.

Namsifu Mbwambo ana miaka ishirini na tisa. Kazi yake ni nyuso. Anachukua picha za mtu wa kweli na kuzigeuza kuwa mtu wa kwenye skrini, hadi vinyweleo.

Mwanahawa ni mwenye ile nyumba. Nyumba ya kweli, huko Isongolo, Kondoa. Mtoto ni binti yake, Salha. Siku aliyopigwa picha, mwezi Machi, alikuwa na miaka miwili na nusu.

Na wewe, mwenye tochi.


3. Fomu ya ridhaa (nakala)

Mimi *Mwanahawa Jumanne*, mzazi/mlezi wa *Salha*, ninaridhia mwanangu apigwe picha, na sura yake itumike kwa madhumuni ya maonyesho ya kiteknolojia, kwa namna yoyote, mahali popote, kwa muda usio na kikomo.

Maelezo ya ziada ya mzazi (kama yapo): *mtoto hapendi mwanga wa machoni tafadhali*

Majibu ya studio:




Sahihi: *M. Jumanne*


4. Namsifu anaandika

Nimeombwa niandike yote, nisipunguze.

Tulikwenda Isongolo kutafuta ukuta. Hatukuwa tunatafuta mtu. Injini mpya ilitaka udongo wa kweli, wenye alama za vidole vya aliyeukandika, na kuta za Mwanahawa zilikuwa nazo. Tulipiga kuta picha elfu tano. Ndipo nikamwona mtoto ameketi juu ya kinu kilicholazwa, kichwa kakiinamisha upande kama ndege anayesikiliza. Nikasema, huyo naye.

Tukamzungushia kamera na taa za mmweko. Alilia mara moja tu. Mama yake akamziba macho kwa kiganja, akaniuliza, "Bado nyingi?"

"Bado kidogo, dada."

Zilikuwa bado mia moja.

Kichwa chake, ule mwinamo, niliupenda sana. Niliuacha kwenye demo vilevile. Sikujiuliza kwa nini mtoto anageuza uso kila anapotaka kuona kitu.


5. Kutoka kwenye orodha ya hitilafu, Aprili

209. Vumbi linapita katikati ya mlango uliofungwa.

210. Kivuli cha kinu kinachelewa. Kinu kinafika kwanza.

211. Ukizima tochi, ukuta wa chumba cha pili unaendelea kung'aa sekunde nne.

212. Jicho la kushoto la mtoto linang'aa jeupe likimulikwa kwa mbele, kama la paka. La kulia liko sawa. Linatisha. *Anayehusika: Namsifu.*

213. Mtoto hapepesi.

*Jibu la 212:* Macho hatukuyachonga, tuliyatoa kwenye picha zenyewe, na mmweko umeharibu rangi ya upande mmoja. Nimechukua jicho la kulia, nimeligeuza kama kwenye kioo, nimelibandika kushoto. Kazi ya dakika ishirini. — N.M.


6.

IMEFUNGWA.


7. Waliyoandika wachezaji, Juni hadi Agosti

"Huu mwanga si wa mchezo. Nimenyoosha mkono kugusa skrini kama mshamba."

"Mtu wangu, dakika kumi na moja za kutembea kwenye nyumba tupu na moyo unanienda mbio. Mbona hakuna kinachotokea?"

"Nilimmulika mtoto usoni, mboni zikanywea. Zikanywea kabisa kama zetu! Nikazima. Nikawasha. Nikazima. Nikawasha."

"Mke wangu amesema niache kumchokoza mtoto wa watu."

"Kazi nzuri. Ila macho yake yana kitu. Sijui niseme vipi. Yanafanana mno."

"Nimerudi chumba cha tatu mara nne leo. Siwezi kueleza."

(Mwisho wa Agosti hesabu ya waliofungua TEMBE ilipita watu elfu arobaini na moja. Karibu wote walimmulika mtoto machoni. Ndicho kitu cha kwanza anachofanya mtu aliyepewa tochi.)


8. Dodoma, Septemba, saa saba mchana

Asubuhi hiyo kompyuta ya maonyesho iligoma. Gwamaka akaipakia demo upya kutoka kwenye diski ya zamani aliyoikuta chini ya mkoba wake. Lilikuwa toleo la mapema Aprili, kabla ya namba 212 kufungwa. Hakuangalia.

Sasa anasema aliyeketi kwenye kiti cha mchezaji.

*Naitwa Yustina Komba. Ni muuguzi wa macho, mwaka wa kumi na tisa huu. Banda letu la kupima watu macho lilipakana na la wale vijana wa kompyuta. Saa ya chakula nikaingia kwao kupumzisha miguu tu. Kijana akanipa pedi ya kuchezea mkononi, akanionyesha kitufe cha kutembea na kitufe cha tochi.*

*Nikatembea. Chumba cha kwanza, cha pili. Nyumba ilikuwa na ubaridi, sijui skrini inatoaje ubaridi. Chumba cha tatu nikamkuta mtoto. Nikammulika.*

*Nikaweka pedi chini.*

*Nilivaa miwani yangu. Nikamulika tena.*

*Nimeliona jicho lile mara kumi na nne katika maisha yangu ya kazi. Kumi na nne, na majina yote nayakumbuka.*


9. Yaliyosikika bandani

"Baba, huyu mtoto yuko wapi?"

"Hayupo, mama. Ni kompyuta hiyo."

"Mlimpiga picha mtu."

"Ndiyo, lakini sasa hivi ni..."

"Basi yupo. Yuko wapi?"

"Mama, samahani, kuna watu kwenye foleni nyuma yako."

"Wangoje."


10. Simu, dakika tano baadaye

Gwamaka: Namsifu, kuna mama hapa anauliza habari za jicho la mtoto.

Namsifu: Linang'aa? Basi umepakia toleo la zamani. Ni hitilafu tu hiyo, mimi nilisharekebisha tangu Aprili.

(Simu inabadilisha mikono.)

Yustina: Dada, shikamoo si muhimu sasa hivi. Ulirekebisha nini?

Namsifu: Jicho. Lilikuwa jeupe kwa ndani, nikali...

Yustina: Ukalifanyaje?

Namsifu: Nika...

Yustina: Nisikilize. Mtoto akipigwa picha ya mmweko na mboni moja ikatoka nyeupe, mara nyingine ni pembe tu ya kamera. Mara nyingine kuna uvimbe nyuma ya mboni, na mwanga unaugonga na kurudi. Uvimbe ule ni saratani. Ukiwahiwa, mtoto anapona. Usipowahiwa, unafuata mshipa kwenda ubongoni. Sasa niambie. Mna picha ngapi za asili?

Namsifu: Mia moja arobaini na nne.

Yustina: Zifungue zote.


11. Namsifu anaandika

Nilizifungua moja moja. Ofisi ilikuwa imejaa watu, redio inaimba, kijana mmoja anakula chipsi pembeni yangu.

Kamera ya pembeni, jicho jeusi. Jeusi. Jeusi. Kamera ya mbele, jeupe. Kamera ya juu, jeupe. Ya chini yake,

jeupe

jeupe

jeupe

Kama ingekuwa pembe ya kamera, ingetokea picha mbili tatu. Zilikuwa sitini na moja.

Katika ile ya mwisho kiganja cha mama kilikuwa kinaingia kutoka kulia, kumziba. Kidole kimoja hakikuwahi. Kati ya vidole viwili, lile jicho lilikuwa linanitazama, kama mlango wa chumba ambacho mtu amewasha taa ndani yake.

Kuanzia Machi hadi Septemba ni miezi sita.


12. Waraka wa ndani

KWA: Wafanyakazi wote
YAH: MAWASILIANO NA WAHUSIKA WA PICHA

Kufuatia madai yaliyotolewa katika maonyesho, uongozi unaelekeza kwamba mfanyakazi yeyote asiwasiliane na familia ya mhusika hadi mwanasheria atakapotoa ushauri. Picha za asili zisifunguliwe, zisinakiliwe wala kutumwa nje. Atakayekiuka atachukuliwa hatua.

*G. Mwakalobo, Mkurugenzi*


13. Yasiyoandikwa kwenye waraka

Gwamaka aliubandika waraka ukutani yeye mwenyewe, kwa gundi. Kisha akapita kwenye meza ya Namsifu bila kumtazama na kuacha hapo funguo za gari lake.

"Tangi limejaa," alisema. "Mimi sijui uko wapi. Nikiulizwa, sijui."


14. Isongolo. Namsifu anaandika

Nilifika na Sista Yustina saa nne asubuhi. Jua kali, kuku wanachakura.

Paa lilikuwa limeanguka. Mvua za masika, majirani walisema. Nyumba ilikuwa tupu, kuta zimesimama, mbingu ndani.

Sasa nataka nieleze jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilikuwa nimetembea ndani ya nyumba ile zaidi ya mara mia sita, pale mezani kwangu Arusha. Nikaingia mlangoni na miguu yangu ikajua. Iliinuka yenyewe kwenye kizingiti kabla sijakiona. Bega langu likakwepa ukuta uliobonyea. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umejikunja, kidole gumba mbele, kama ninavyoshika tochi kwenye skrini. Nilijua ufa wa chumba cha pili unaanzia wapi na unaishia wapi. Nyumba ya watu ilikuwa imeingia mwilini mwangu na wenyewe hawapo.

Kwenye mlango wa chumba cha tatu nikasimama.

Sista akaniuliza, "Mbona huingii?"

Nilikuwa nangoja nimwone ameketi.


15. Jirani, Bi Mwanjaa, akisemea juu ya ua wa nyumba yake

"Walihamia Kiteto, mume alipata shamba la alizeti. Lakini msidanganywe na alizeti. Maneno ndiyo yaliyomhamisha. Watu walianza kusema jicho la mtoto linawaka kama la paka jioni akiwa karibu na moto. Wengine wakasema anaona wafu. Mtoto yule! Kisimani wanawake wakawa wanamngoja Mwanahawa achote kwanza aondoke. Akaanza kumfunga mtoto kitambaa jichoni, kama aliyelogwa. Hata nyinyi mlipokuja na mataa yenu alifurahi, alisema, 'Bi Mwanjaa, hawa ni watu wa vyombo, kama mwanangu ana kasoro wataiona na wataniambia.'"

Akatutazama.

"Mlimwambia?"


16. Mwanahawa anasimulia simu ile

Namba ngeni ikapiga. Mwanamke akajitaja, yule wa kamera. Nikamwambia mkitaka picha nyingine mtafute mtoto mwingine. Akaja mwingine mwenye sauti ya kikubwa, akasema ni muuguzi, akaniuliza, "Mama, mwanao yuko karibu?"

"Yuko hapa, anakula karanga."

"Mtandazie karanga chache sakafuni mbele yake. Mzibe jicho la kulia kwa kiganja chako. La kulia, la kushoto uliache wazi. Halafu uniambie anafanya nini."

Niliona ni mchezo wa kipuuzi. Nikaweka simu begani. Nikaziweka karanga tano. Nikamziba.

Mtoto akatulia. Akanyoosha mkono, akapapasa sakafu. Akapapasa upande ambao hapakuwa na kitu.

Ilikuwa adhuhuri, mlango wazi, jua limeingia ndani hadi miguuni kwetu.

Akasema, "Mama, washa taa."


17.

"Mama Salha? Upo hewani?"






"Mnakuja lini?"


18. Hospitali, Moshi. Fomu kabla ya upasuaji

Jina la mgonjwa: *Salha*
Umri: *miaka 3*
Upasuaji: *kuondoa jicho la kushoto*
Ninathibitisha kwamba nimeelezwa sababu, faida na madhara ya upasuaji huu kwa lugha ninayoielewa.

Maelezo ya ziada ya mzazi (kama yapo): *alale kabla hamjawasha taa*

Majibu: *Atalala kabla, mama. Nitamshika mkono mimi mwenyewe. — Y. Komba, kwa niaba ya chumba cha upasuaji*


19. Walichoambiwa baada ya upasuaji

Kwamba mtoto ameamka vizuri na ameomba uji.

Kwamba jicho la kulia ni zima.

Kwamba kipande cha mshipa uliokuwa nyuma ya jicho kimepelekwa maabara. Kikiwa safi, kazi imeisha, litabaki suala la kumtengenezea jicho la bandia na kumrudisha kupimwa. Kisipokuwa safi, kuna dawa za miezi mingi, na hakuna daktari atakayeahidi kitu.

Kwamba majibu ni baada ya siku kumi.


20. Ujumbe kutoka kwa Gwamaka, siku ya nane

"Nimeiondoa TEMBE kila mahali. Lakini watu waliokwisha kuipakua wanayo, hilo siliwezi. Wananiandikia wanauliza nyumba imekwenda wapi. Mmoja anasema mtoto bado anamtokea akifumba macho. Mwanasheria amekasirika, mwache akasirike. Mama yake anasemaje kuhusu sisi?"

Namsifu aliusoma, akazima simu. Mama hakuwa amesema chochote kuhusu wao.


21. Siku ya kumi. Namsifu anaandika

Tulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha daktari. Salha alikuwa wodini na baba yake. Mwanahawa alikaa mwisho mmoja wa benchi, mimi mwisho mwingine, katikati yetu mkoba wake na laptopu yangu.

Akasema, "Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini, dada?"

"Hilo mlilofanya."

Nilikuwa nayo matoleo mawili. Moja lina macho mawili mazuri, yote ya kulia. Jingine ni lile la Aprili. Kidole changu kilisimama kwenye kipanya muda mrefu, kisha nikafungua la Aprili.

Nikampa kipanya, nikamwonyesha namna ya kutembea. Alijifunza haraka. Alipoingia mlangoni pake alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa na mwiba na hataki wengine wajue. Hakumulika kuta. Hakutafuta vumbi. Alikwenda moja kwa moja hadi alipozoea kuweka mtungi, akasimama hapo, kisha hadi palipokuwa na kitanda.

"Paa lipo," alisema.

"Ndiyo."

"Udongo huu nilikandika mimi. Nilikuwa na mimba yake."

Chumba cha tatu. Mtoto ameketi juu ya kinu, kichwa upande. Mwanga ukampanda magotini, tumboni, shingoni. Ukafika. Jicho likawaka jeupe, kubwa, tulivu, likatuangalia sote wawili.

Watu elfu arobaini na moja waliushikilia mwanga ule pale pale. Mwanahawa aliuhamisha. Aliupeleka ukutani, taratibu, mbali na uso wa mwanawe, akauacha huko. Mtoto akabaki gizani na umbo lake tu.

"Mfanye asimame," alisema.

"Hawezi. Hatukumtengenezea kusimama."

"Anaweza kuitika?"

"Hapana, dada."

Akaondoa mkono kwenye kipanya. Mtu akapita na toroli la mashuka. Mahali fulani mtoto wa mwingine alikuwa analia na kunyamazishwa.

"Namsifu." Hakuwahi kuniita kwa jina. "Wewe jicho hili uliliona lini?"

Kulikuwa na majibu mengi. Kwamba mimi si daktari. Kwamba kila mtu pale ofisini aliona, na mmoja aliandika kabisa kwamba linatisha. Kwamba kama nisingepiga zile picha, hata Sista asingeliona. Lile la mwisho ni kweli, na nilikuwa nimelibeba siku kumi kama chakula cha njiani.

"Aprili," nikasema. "Mwanzoni mwa Aprili. Nililifuta."

Aliinua mkono wake wa kushoto, akaanza kukunja vidole. Mei. Juni. Julai. Agosti. Septemba. Mkono ukawa ngumi. Akaitazama ile ngumi kana kwamba ni ya mtu mwingine, akaiweka mapajani.

Mlango ukafunguka. Sista Yustina alitokeza kichwa. Nilimsoma uso, nyuso ndiyo kazi yangu, najua nyama zipi zinavuta shavu kabla tabasamu halijaja na zipi kabla ya msiba. Uso wake haukuniambia kitu.

"Mama Salha," alisema. "Karibu ndani."

Mwanahawa akasimama. Akachukua mkoba wake. Hakuniambia nije. Hakuniambia nisije. Alipita mbele yangu akaingia, na mlango akauacha wazi nyuma yake, upana wa mtu mmoja.